Dodgers wana pesa za kununua kila kitu, lakini mikono inawaishia

Wacha niseme mapema ndio tusikosane baadaye: mimi ni shabiki wa Los Angeles Dodgers, naishi Nairobi, na sijawahi kushika mpira halisi wa besiboli kwa mkono wangu. Ukitaka kunicheka, cheka sasa tumalizane. Wewe pia unalilia Arsenal kila Mei na hujawahi kukanyaga Emirates.

Mechi nyingi za Dodgers nyumbani huanza saa moja na dakika kumi jioni kule California. Kwetu hapa hiyo ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, siku inayofuata. Niligundua hilo baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokwama, nikaingia kazi ya usiku ya mtandaoni. Unawekewa sauti za watu wakihojiwa, unaandika wanachosema, unalipwa kwa dakika. Nilikuwa nikimaliza zamu wakati huo huo, macho yamekauka, mathree ya kwanza inapiga honi huko stejini, na mpira wa pekee uliokuwa ukichezwa kwa skrini yangu ulikuwa huo wa wanaume wenye kofia wakitema mbegu. Mwezi wa kwanza sikuelewa kitu. Wa pili nikaanza kugombana na kocha.

Wiki hii, katikati ya Julai 2025, ligi imepumzika kupisha mechi ya All-Star iliyochezwa Atlanta Jumanne, kwa hivyo nina muda wa kukuambia kinachoninyima usingizi. Ukitazama jedwali utaniuliza shida iko wapi. Dodgers, mabingwa watetezi, wameshinda mechi 58 na kupoteza 39. Wako mbele ya San Diego Padres kwa mechi tano na nusu, na Giants wako hapo nyuma wakipumua. Kikosi chao kinalipwa zaidi ya dola milioni 300 mwaka huu, yaani zaidi ya shilingi bilioni 38. Kwa mtu anayetazama kutoka mbali, hawa ni matajiri wanaoshinda, habari imeisha.

Haijaisha. Shida ni mikono ya watupaji.

Kama hujui mchezo huu, fikiria boula wa kriketi, lakini asiyekimbia na ambaye mpira wake haudundi chini. Mtupaji anasimama juu ya kilima kidogo, mpigaji yuko mita 18 na kitu mbele yake, na kila kitu uwanjani kinangoja mkono mmoja. Mechi ina awamu tisa. Zamani mtupaji mmoja angeweza kuzicheza zote. Siku hizi anayeanza akifika awamu ya sita anapigiwa makofi, halafu wanakuja watupaji wa benchi, mmoja mmoja, kumalizia. Msimu una mechi 162, karibu kila siku, na mkono uliotupa leo unahitaji siku tano au sita kabla ya kuanza mechi nyingine. Piga hesabu mwenyewe. Timu isiyo na mikono mitano mizima haina kitu, hata ikiwa na wapigaji wa kutoka mbinguni.

Sasa angalia walichonunua. Blake Snell, mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 182: ametupa mechi mbili tu, mwanzoni mwa msimu, bega likavimba, hajarudi hadi leo. Tyler Glasnow, yule mrefu kama mlingoti: aliondoka Aprili kwa bega, amerudi juzi tu tarehe 9 Julai. Roki Sasaki, kijana wa Japani ambaye karibu kila timu ilikuwa ikimtongoza: mechi nane, ushindi mmoja, kisha bega, na tangu Mei yuko kwa orodha ya majeruhi. Tony Gonsolin alirudi kutoka upasuaji wa kiwiko, akatupa kidogo, kiwiko kikaanza tena. Evan Phillips wa benchi amefanyiwa upasuaji mwezi jana, na mwaka huu tumsahau. Kuna wakati walikuwa na watupaji zaidi ya kumi waliokaa tu na madaktari. Wameshatumia watupaji zaidi ya 30 tangu msimu uanze, na kuna wengine kati yao ambao nilijua majina yao siku ile ile waliyorudishwa ligi ya chini.

Tarehe 10 Juni, wakichapwa 11-1 na Padres, walimtuma Kiké Hernández akatupe. Hernández si mtupaji. Ni kama kipa ameumia halafu kocha anamwambia dereva wa basi avae glavu. Watu walicheka, na yeye mwenyewe alikuwa akitabasamu. Mimi sikucheka. Kocha Dave Roberts hakuwa akifanya mzaha, alikuwa anaokoa mikono iliyobaki ili iwepo kesho.

Halafu ikaja Julai. Unaikumbuka Jumamosi ile ya tarehe 5? Pengine hapana. Jirani yangu wa ploti anaikumbuka. Aliweka Dodgers kwa multibet ya timu sita, akaniambia hao ni kama Bayern wakiwa nyumbani, hawawezi kupoteza. Hakuwa ameuliza ni nani anatupa, na kwa besiboli hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho. Houston Astros waliwafunga 18-1. Sijakosea kuandika. Astros wakashinda zote tatu, Dodgers wakasafiri hadi Milwaukee na Brewers wakachukua tatu nyingine, kisha Giants wakaongeza moja. Saba mfululizo. Jirani bado hanisalimii vizuri, utadhani ni mimi niliyekuwa kwa kilima.

Sitasema kila kitu ni kosa la watupaji. Mookie Betts anapiga vibaya msimu huu kuliko tulivyozoea, Max Muncy aliumia goti, na kwa siku hizo saba mikimbio ilikuwa haba. Pale Milwaukee, Clayton Kershaw alitupa awamu sita akaruhusu mikimbio miwili tu, akapoteza kwa sababu wenzake walipata mmoja peke yake. Lakini usiku uliotangulia ndio uliniuma. Yoshinobu Yamamoto, mtupaji bora waliye naye, hakumaliza hata awamu ya kwanza. Alitoa watu wawili, akaruhusu mikimbio mitano, akaondolewa. Yamamoto! Jamaa ambaye wastani wake hadi mapumziko haya ni mikimbio 2.59 kwa kila awamu tisa. Jumapili iliyopita dhidi ya Giants alirudi akatupa awamu saba bila kuruhusu kitu, kwa hivyo najua hajaumia. Lakini mwaka jana alitupa awamu 90 msimu mzima kwa sababu bega lilimsumbua. Mwaka huu ameshapita 100 na ni Julai tu. Wenzake wote wakiwa hospitalini, yeye ndiye amebeba jiko, gesi na sufuria.

Na hiyo mechi ya Jumapili ilikuwa karibu iharibike pia. Walikuwa mbele 2-0, awamu ya tisa, akaingia Tanner Scott kufunga mlango. Scott alinunuliwa kwa dola milioni 72 kwa miaka minne kwa kazi hiyo moja tu. Luis Matos akaupiga mpira ukatoka uwanjani, 2-2, na ikabidi wacheze hadi awamu ya 11 ndio washinde 5-2. Kazi ya Yamamoto ikaenda bure kwa rekodi yake. Kama umewahi kumaliza kazi ya kikundi usiku kucha, halafu mwenzako akaiharibu asubuhi akiwa kwa mlango wa mhadhiri, unajua uso aliokuwa nao.

Sasa tuje kwa mkubwa mwenyewe, Shohei Ohtani. Huyu ndiye anayefanya watu wasiojua besiboli wajue besiboli. Anapiga na anatupa, jambo ambalo kwa kiwango hiki hakuna mwingine anayelifanya. Mkataba wa dola milioni 700, nyingi kati ya hizo atalipwa miaka ya mbele baada ya mkataba kuisha. Alifanyiwa upasuaji wa kiwiko 2018, akafanyiwa tena 2023, na mwaka jana hakutupa kabisa: alipiga tu, homrani 54, akaiba vituo mara 59, wakachukua ubingwa. Tarehe 16 Juni mwaka huu alirudi kilimani kwa mara ya kwanza akiwa Dodger, awamu moja. Wiki mbili hazijaisha, kule Kansas City, akatupa mpira wa maili 101.7 kwa saa, karibu kilomita 164. Kasi ya juu kuliko zote alizowahi kutupa maishani.

Uwanja mzima ulishangilia. Mtandao ukashangilia. Mimi nikashika kichwa.

Wacha nikueleze kwa nini, na hapa itabidi nijitaje. Ile kazi yangu ya kunakili sauti ilikuwa na jedwali. Ukiandika haraka unapanda, ukipanda unapewa sauti nyingi na nzuri, na ukichelewa unabakishiwa zile za upepo na mbwa. Hakuna aliyeniambia niue mkono wangu. Walinionyesha tu namba yangu kila asubuhi. Nikaongeza kasi. Mwezi wa nane kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuwaka moto, nikanunua dawa ya kupaka, nikaendelea. Nilipoenda kliniki niliambiwa kano zimevimba, nipumzike wiki sita. Nilipumzika tatu. Nilipofungua akaunti, namba yangu ilikuwa imeanguka mpaka chini kabisa na mtu mwingine, pengine kijana wa ishirini kama mimi, alikuwa amechukua nafasi. Hadi leo chupa ya soda naifungua kwa mkono wa kushoto.

Kwa hivyo nikiona mtu anashangiliwa kwa sababu ya namba ya kasi, mkono wangu unajibu kabla ya akili.

Na si mimi peke yangu ninayepiga kelele. Desemba 2024 ligi yenyewe, MLB, ilitoa ripoti ndefu kuhusu majeraha ya watupaji. Mwaka wa 2008 mpira wa kasi ulikuwa ukitupwa kwa wastani wa kilomita 147 kwa saa; kufikia 2024 ulikuwa umekaribia 152. Ripoti ikasema wazi kwamba kutafuta kasi na mzunguko mkubwa wa mpira, kila tupo kwa nguvu zote, ni miongoni mwa mambo makuu yanayovunja viwiko na mabega. Halafu ligi ikaendelea kuonyesha kasi ya kila tupo kwa herufi kubwa kwenye skrini. Aisee.

Kuna kejeli ya ajabu kwamba haya yanatokea Dodgers. Ule upasuaji wa kiwiko ambao kila mtupaji anauogopa unaitwa Tommy John, na Tommy John alikuwa mtupaji wa Dodgers. Mwaka wa 1974 kano ya kiwiko chake cha kushoto ilikatika, na daktari wa timu, Frank Jobe, akatoa kano kutoka mkono ule mwingine akaipandikiza. Hakuna aliyejua kama itafanya kazi. Akarudi 1976 na kutupa hadi 1989. Kabla yake, Sandy Koufax, labda mtupaji mkali zaidi klabu hiyo imewahi kuwa naye, alistaafu mwisho wa msimu wa 1966 akiwa na miaka 30 tu kwa sababu ya kiwiko. Mwaka huo huo alikuwa ameshinda mechi 27 na kutupa awamu 323. Soma tena: 323. Yamamoto wangu nimemlilia kwa 100.

Kwa hivyo utaniambia, basi Koufax alivunjika bila hizi mashine za kupima kasi, tatizo ni nini? Sawa, umenipata kidogo. Kutupa mpira namna ile si kazi ambayo mkono wa binadamu uliumbiwa. Lakini Koufax alivunjwa na wingi wa kazi. Hawa wa leo wanafanya sehemu tu ya kazi ile na bado wanavunjika, wengine wakiwa na miaka 23. Walichokata kwa wingi wamekirudisha kwa nguvu, na hawajapata nafuu yoyote.

Ndiyo maana tarehe 2 Julai nilikaa macho kumtazama mzee mmoja. Kershaw ana miaka 37. Alisajiliwa na Dodgers 2006, ametupa huko tangu 2008, hajawahi kuvaa jezi nyingine. Mwaka jana mwishoni alifanyiwa upasuaji wa goti na kidole cha mguu, akarudi Mei. Mpira wake wa kasi sasa unatembea kama kilomita 143 kwa saa, na kwa viwango vya leo hiyo ni boda yenye abiria watatu ikipanda mlima. Usiku huo dhidi ya Chicago White Sox alihitaji kuwatoa watu watatu kwa straiki ili afikishe 3,000 maishani. Watupaji 19 pekee walikuwa wamewahi kufika hapo. Alipata wa kwanza, akapata wa pili, wa tatu akakataa kuja. Awamu ya sita, tupo la 100, Vinny Capra akasimama akiutazama mpira ukipita. Tatu elfu. Na alifika huko kwa hesabu, kwa kona, kwa kumfanya mpigaji afikirie kitu kingine.

Nyumbani kwangu hakuna aliyeamka. Nilipiga makofi polepole, peke yangu, na mama mboga aliyekuwa anapanga sukuma dirishani akaniuliza kama niko sawa.

Najua kijana yeyote anayetupa mpira hapa kwetu Afrika Mashariki hatapimwa kwa alichofanya Kershaw. Usicheke, wapo. Watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza fainali za dunia za Little League kule Marekani mwaka wa 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kufika huko kwa kufuzu. Mwaka wa 2022 Dodgers hao hao waliwasaini watupaji wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Skauti popote aendapo hubeba kile kifaa cha kupima kasi, na kijana wa miaka 17 mwenye ndoto ya kutoka atafanya nini mbele ya kifaa kile? Atatupa kwa nguvu zote. Ningekuwa yeye ningetupa hivyo pia. Nilishafanya hivyo kwa kibodi.

Basi, nusu ya pili ya msimu. Maoni yangu ndiyo haya, na uyahifadhi uje unicheke Oktoba.

Watashinda kundi lao. Padres watasumbua, Giants watachoka, Dodgers watamaliza na ushindi kama 95 hivi. Mwaka jana walikuwa na 98. Sina wasiwasi hapo, na yeyote anayekuambia ule mteremko wa mechi saba ni mwisho wao hajatazama besiboli zaidi ya wiki mbili.

Wasinunue mtupaji mwingine wa kuanza. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa tarehe 31 Julai na najua mashabiki wanataka jina kubwa. La hasha. Glasnow karudi na alionekana mzima pale Milwaukee, Snell yuko njiani. Wanachohitaji ni mtu wa kufunga mlango, mtu kama David Bednar wa Pirates, ili Scott apewe kazi ndogo mpaka kichwa chake kitulie. Oktoba mwaka jana walikuwa na watupaji watatu tu wa kuanza, mechi nyingine wakazisukuma kwa mikono ya benchi tupu, na bado waliwapiga Yankees kwa mechi tano. Ile benchi ndiyo iliyowapa kombe, na ndiyo iliyochakaa sasa.

Sasaki simtegemei mwaka huu kwa lolote. Apewe muda, mkono wake una miaka 23 na bado una deni la miaka kumi mbele yake.

Na Ohtani abaki awamu tatu, nne zikizidi, hadi Septemba. Hapa najua tutagombana. Utasema alisajiliwa afanye yote mawili. Ndiyo, lakini ana homrani 32 tayari na yeye ndiye mpigaji wa kwanza kila usiku. Kiwiko kikikatika mara ya tatu, hupotezi mtupaji pekee, unapoteza na bunduki yako kubwa ya kushambulia. Jumamosi iliyopita dhidi ya Giants alitupa awamu tatu safi, hakuruhusu kitu, timu ikashinda 2-1. Awamu tatu zilitosha! Anayetaka saba kutoka kwake Julai ni kwa ajili ya kujionyesha tu, na sidhani hata Roberts anazitaka. Naogopa Ohtani mwenyewe ndiye anayezitaka.

Wa kunitisha ni Phillies. Wana Zack Wheeler, na nyuma yake watupaji wa mkono wa kushoto ambao bado wanasimama kwa miguu yao miwili. Tukikutana nao Oktoba tukiwa na Yamamoto aliyechoka na mlango usiofungika, tutaenda nyumbani mapema na nitaandika hapa nikilia.

Alfajiri ya Jumamosi hii, saa kumi na moja na dakika kumi, Brewers wale wale wanakuja Los Angeles. Jirani ameshaniuliza kama aweke kitu. Nimemwambia kwanza anitajie jina la anayetupa. Bado anatafuta.